Shajara ya mradi: dawa ya kunguni na nyuzi tano zilizopotea Nakuru

Jumatatu, wiki ya 1

Kazi mpya. Mzee mmoja mwenye karakana ndogo upande wa Bahati ameleta chupa mbili za kioo zimefungwa gazeti kama mayai. Anatengeneza dawa ya kunguni. Ananunua dondoo la pareto, analiyeyusha ndani ya kiyeyushi cheupe kisicho na harufu, jamii ya mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, kisha anatia kwenye chupa za kupuliza. Miaka yote ameuza mtaani bila kuulizwa neno. Sasa kapata mnunuzi Mombasa na mwingine Kisumu, na mwenye lori kamuuliza swali moja tu: hii kitu inashika moto kwa nyuzi ngapi? Mzee hana jibu. Mnunuzi naye anadai karatasi ya data za usalama, na hapo sheria iko upande wake: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka muuzaji wa kemikali hatari aitoe.

"Madam, nataka iwe juu ya sitini," akaniambia kabla hata sijafungua daftari.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hapa tunapima namba. Kuziuza hatuuzi."

Akacheka, lakini namwelewa. Kiowevu ambacho flashi pointi yake, yaani joto ambalo mvuke wake unaanza kumweka, haizidi nyuzi 60 za Selsiasi kinahesabiwa kwenye usafirishaji kama kiowevu kinachowaka, daraja la 3: alama ya mwali wa moto kwenye katoni, makaratasi, na lori linaanza kuongeza bei. Kikipita 60 hadi 93, kwenye lebo kinabaki na neno la onyo lakini picha ya mwali inaondoka. Kwa mfanyabiashara, digrii moja hapo katikati ni pesa.

Kwa kijana wetu wa atachimenti, ambaye ndiye nimemwachia kuandika vipimo, nimeeleza hivi: flashi pointi ni joto la chini kabisa ambalo kiowevu kinatoa mvuke wa kutosha, hivi kwamba ukiusogezea moto unalipuka mweko mara moja na kuzimika. Hatuzungumzii kuwaka na kuendelea kuwaka. Mweko tu. Petroli iko takriban nyuzi 43 chini ya sifuri, kwa hiyo iko tayari saa zote, hata kwenye barafu. Asetoni iko karibu 20 chini ya sifuri. Ethanoli tupu iko kama 13 juu, kwa hiyo mchana wa Nakuru imeshapita. Mafuta ya ndege hayaruhusiwi kushuka chini ya 38. Dawa ya mzee, kwa jinsi inavyotiririka, nabahatisha iko kati ya 55 na 65. Yaani palepale penye ugomvi.

Jumanne, wiki ya 1

Leo tumetoa mashine ya kupimia flashi pointi, ya Pensky-Martens, kwenye kabati. Haijatumika tangu tupime dizeli za mwaka jana. Ni ya mkono, ya zamani, ya shaba nyeupe iliyopoteza mng'aro. Pensky na Martens walikuwa Wajerumani wawili, na Martens huyu ndiye yuleyule ambaye wahunzi wa chuma wanamtaja kila siku wanaposema martensaiti, ile hali ngumu ya chuma, bila kujua ni jina la mtu.

Kikombe kinajazwa hadi alama, si zaidi si pungufu. Mfuniko juu. Ndani kuna kikorogeo kidogo kinachozunguka mara 90 hadi 120 kwa dakika. Chini kuna moto unaopandisha joto nyuzi 5 hadi 6 kila dakika, na hapa ndipo vijana wengi wanapokosea kwa haraka zao, kwa maana joto likikimbia, kipimajoto kinachelewa kusema ukweli. Juu ya mfuniko kuna kidirisha na kiulimi cha moto wa gesi. Kila joto linapopanda digrii moja unasimamisha kikorogeo, unazungusha kitasa, kidirisha kinafunguka, kiulimi kinashuka ndani ya mvuke, kinakaa sekunde moja, kinatoka. Ukubwa wa kiulimi unalinganishwa na shanga ndogo iliyobandikwa juu ya mashine, kati ya milimita 3.2 na 4.8. Shanga yetu imeingia kutu ubavuni lakini bado inasomeka.

Kabla ya dawa ya mzee lazima tuipime mashine yenyewe. Tunatumia n-dekani, kiowevu safi cha kulinganishia, yenye cheti. Flashi pointi yake inajulikana, 52.8, na mashine inakubaliwa ikiangukia ndani ya nyuzi 2.3 juu au chini.

Jaribio la kwanza: mweko umetokea mara ya kwanza kabisa kiulimi kiliposhuka, kwenye nyuzi 30. Kijana ameruka nyuma. Kisa: alisuuza kikombe kwa asetoni na hakukipuliza kikakauka, kwa hiyo kilichowaka ni asetoni. Jaribio limetupwa. Kanuni ni hiyo hiyo siku zote, mweko ukija kwenye mguso wa kwanza hauandikwi. Unaanza upya na sampuli mpya, kutoka chini zaidi.

Jaribio la pili tumelifanya jioni. 48.5.

Jumatano, wiki ya 1

48.0. Halafu 48.5 tena. Majaribio matatu yanayokubaliana vizuri kabisa, na yote yako chini ya 50.5 ambayo ndiyo mpaka wa chini. Mashine inayotoa majibu ya ovyo ni rahisi kuishuku. Hii imetulia kama shahidi aliyefundishwa.

Marekebisho ya kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, tumefanya. Fomula ni fupi: unachukua 101.3, unatoa kanieneo ya siku hiyo kwa kilopaskali, unazidisha kwa 0.25, unajumlisha kwenye mweko ulioonekana. Kijana amefungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, imesema Nakuru 1,018, yaani kilopaskali 101.8. Marekebisho: pungufu ya sehemu moja ya kumi. Si kitu. Kwa hiyo jibu linabaki 48.5 na mashine imefeli.

Tumeshuku kila kitu. Kiulimi: tumepima upya dhidi ya shanga, kiko sawa. Upepo: dirisha la upande wa Menengai linavuta hewa kuanzia saa nane mchana, tumelifunga na kuweka ukuta wa katoni kuzunguka mashine. Mkorogo: tumehesabu kwa saa, 104. Dekani: chupa imefunguliwa juzi, cheti hakijaisha. Nimekodoa macho nione kama tunadanganywa na ule mduara wa samawati unaokizunguka kiulimi kabla ya mweko wenyewe, maana wengi huuandika kama mweko. Hapana, ni mweko halisi, unapita juu ya kiowevu chote kama mtu amekunjua leso.

Alhamisi, wiki ya 1

Stima imepotea saa tatu, imerudi saa kumi. Hakuna kazi.

Ijumaa, wiki ya 1

Leo nimebaki na mshukiwa mmoja: kipimajoto. Nimemwambia kijana akipime kwa njia ya bibi, barafu na maji yanayochemka. Kwenye barafu iliyopondwa kimesoma sifuri, safi. Kwenye birika la chai kimesoma 94.

"Madam, nacho kimekufa," kijana akasema. "Kinakula nyuzi sita."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nikitie kwenye boksi la vitu vibovu. Kisha nikakumbuka maharagwe. Mama yangu mkwe ni mtu wa Likoni, Mombasa, na kila akija Nakuru hulalamika kwamba maharagwe ya huku ni ya mawe, kwamba kwao sufuria ileile inaiva kwa nusu ya mkaa. Maharagwe hayana kosa. Maji ya Nakuru yanachemka yakiwa bado hayajafika 100, kwa sababu mji uko kama mita 1,850 juu ya bahari na hewa iliyo juu yetu imepungua. Nyuzi 94 si ubovu wa kipimajoto. Ukifungua jedwali la mvuke wa maji, 94 inalingana na kilopaskali 81 na nusu hivi.

81 na nusu. Simu ilisema 101.8.

Nimekaa kwenye stuli nikajicheka peke yangu. Watu wa hali ya hewa wana sababu yao: wanachukua kanieneo iliyopimwa mahali na kuipandisha hadi usawa wa bahari, ili ramani ya Nakuru, Kisumu na Mombasa iweze kulinganishwa na mvua itabiriwe. Kwa kazi yao ni sahihi kabisa. Kwa kazi yetu ni sumu. Kanuni za kipimo hiki zinakataza wazi kutumia barometa, yaani kipima kanieneo, ya aina hiyo, na mimi sentensi hiyo nimewahi kuisomea wanafunzi kwa sauti, mbele ya ubao.

Kijana anauliza kwa nini hewa pungufu ishushe mweko. Nimemwonyesha kwa chumvi. Kijiko kimoja ndani ya sufuria kubwa ya maji, mchuzi ni chapwa. Kijiko kilekile ndani ya sufuria ndogo, mchuzi unakolea chumvi. Mvuke wa dekani kwenye nyuzi 48 ni uleule Mombasa na Nakuru, hilo linategemea joto peke yake. Ila Nakuru unachanganyika na hewa kidogo, kwa hiyo sehemu yake ndani ya mchanganyiko inakuwa kubwa, na ule mkolezo wa chini kabisa unaoweza kushika moto unafikiwa mapema. Mombasa ungengoja joto lipande nyuzi kadhaa zaidi.

Jumatatu, wiki ya 2

Tumeazima barometa halisi kutoka kwa rafiki anayefundisha fizikia upande wa Njoro. Ni ya zebaki, ndefu, imekuja kwenye pikapu imesimamishwa wima na kufungwa mkanda kama abiria. Kusoma leo saa nne asubuhi: kilopaskali 81.6.

101.3 kutoa 81.6 ni 19.7. Mara 0.25 ni 4.9.

Dekani: 48.5 inakuwa 53.4, 48.0 inakuwa 52.9. Zote zimo ndani. Mashine haikuwa na kosa tangu Jumanne. Nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa Jumatano, sikuuchana.

Nikiri pia kwamba hizo 0.25 ni mstari ulionyooka uliowekwa juu ya kitu kilichopinda. Karibu na bahari hauna shida. Huku juu unakisia kidogo, na nadhani unatuongezea zaidi kuliko haki, labda digrii moja. Nitalikumbuka hilo tutakapofika kwa mzee.

Jumanne, wiki ya 2

Chupa ya kwanza ya mzee. Imelala kwenye friji usiku kucha, kwa sababu chupa ya kiowevu cha namna hii ukiifungua ikiwa na joto, sehemu nyepesi inakuwa ya kwanza kutoroka, na ndiyo hiyo inayoamua mweko. Tumeanza kushusha kiulimi kwenye 35 hivi.

Digrii baada ya digrii, hakuna kitu. 50, hakuna. Kwenye 54.5 mduara wa samawati umeanza kukizunguka kiulimi, kijana akanyanyua kalamu, nikamwambia ashushe. 55.5, mduara umenenepa. Na kwenye 56.5 kidirisha kilipofunguka ukapita mweko mmoja, rangi ya bluu ya chini ya sufuria, na ka-sauti kama mtu kapuliza mshumaa. Kiulimi chetu chenyewe kikazimika kwa ule mpulizo.

Majaribio matatu, kila moja na sampuli mpya: 56.5, 56.0, 57.0. Kwa kipimo hiki, majibu mawili ya mtu mmoja kwenye mashine moja yanaruhusiwa kupishana kwa sehemu 0.029 ya thamani yenyewe, hapa ni kama nyuzi 1.6. Tumo ndani. Wastani 56.5, jumlisha 4.9, ni 61.4. Tunaandika kwa nusu digrii, kwa hiyo 61.5.

Mzee atafurahi. Mimi sijafurahi bado, na sababu nitaiandika nikipata maneno yake.

Alhamisi, wiki ya 2

Chupa ya pili. Imewekwa alama "mzigo mpya". Tumeanza kwenye 35 kama juzi na mweko umekuja palepale, mguso wa kwanza. Nimemtazama kijana, ameapa kikombe kilikuwa kikavu na nimemwamini, nilimwona akikipuliza. Tumetupa, tumepoza, tumeanza kwenye 10. Mweko: 32. Rudia: 31.5.

Kutoka 56.5 hadi 32 si tofauti ya kipimo, ni dawa nyingine kabisa. Nimempigia mzee.

Simu yote nimeiandika pembeni lakini kiini ni hiki. Mzigo wa kwanza kiyeyushi kilikuja kwenye pipa la muuzaji. Wa pili alinunua rejareja, akatumia mtungi wake mwenyewe wa plastiki wa lita 20. Mtungi huo kabla ya hapo ulikuwa wa nini? Kimya kidogo. "Kijana wangu alikuwa anabebea petroli ya jenereta. Lakini tuliusuuza, Madam. Tuliusuuza mara mbili na maji."

Maji. Petroli haisuuziki kwa maji, inaelea juu yake na inajificha kwenye kuta za plastiki, halafu ukitia kiyeyushi inarudi ndani yake kama mgeni anayerudi kwao. Na ukiacha lita moja chini ya mtungi hata hutaiona, rangi ni ileile.

Ijumaa, wiki ya 2

Kwa kuwa tulikuwa na dawa ya chupa ya kwanza iliyobaki, tumefanya jaribio ambalo hakuna aliyelipa. Nusu lita ya dawa, kijiko kimoja cha chai cha petroli, mililita 5, yaani sehemu moja kwa mia. Tumekoroga ndani ya chupa iliyofungwa, tukaipoza, tukapima.

42.

Kijiko kimoja kimekula nyuzi zaidi ya 14. Kwa hiyo mtungi wa mzee ulikuwa na zaidi ya kijiko kimoja kwa nusu lita. Ndiyo maana wakaguzi wa mafuta wanaipenda flashi pointi: anayechanganya mafuta ya taa na dizeli anaweza kuficha rangi, anaweza kuficha harufu, lakini kiulimi cha gesi hakihongeki. Biashara hiyo ilikuwa imekithiri hapa nchini hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili mchanganyaji asione faida.

Nimemweleza kijana kuhusu Sachangwan, hapo juu kwenye barabara ya kwenda Eldoret. Alikuwa mtoto wa chekechea. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia na mitungi na karai, likawaka, wakafa zaidi ya mia moja. Petroli haihitaji kupashwa joto na mtu. Inaungoja moto tu, usiku wa baridi kama mchana wa jua. Hakuandika hilo kwenye daftari, lakini alikaa kimya muda mrefu akiuangalia mtungi mtupu alioutuma mzee, uliosimama pale karibu na mlango, na baada ya hapo akautoa nje mwenyewe bila kuambiwa.

Jumatano, wiki ya 3

Mzee amekuja. Chupa ya pili tumekubaliana wote wawili kwamba inamwagwa kwa utaratibu, mzigo wote, na ninamsifu hakubishana hata kidogo ingawa ni hasara. Amesema mapipa sasa atanunua mapya, ya chuma, ya kiyeyushi peke yake, na mtungi wa jenereta ataupaka rangi nyekundu.

Ugomvi ukaja kwenye chupa ya kwanza.

"Umeniambia 61 na nusu. Si imepita sitini? Andika 61 na nusu, toa ile picha ya moto, twende."

Hapa ndipo ile sababu ya Jumanne. Nimemwambia hivi. 61.5 ni jibu sahihi, ndilo linaloandikwa kwenye ripoti, kwa maana dunia nzima imekubaliana kuzungumza kwa lugha ya usawa wa bahari, ili chupa ya Nakuru na chupa ya Hamburg zipimwe kwa mizani moja. Lakini stoo yako, Mzee, haiko usawa wa bahari. Iko Bahati, juu hata kuliko hapa mjini. Kwenye stoo yako dawa hii haingoji hata ile 56 na kitu niliyoiona hapa mjini kwa macho yangu. Ukiipeleka Kisumu, kama mita 1,130 hivi, itamweka kwenye 58. Mombasa ndiko itakakofika 61. Na lori la kwenda Eldoret linapanda Timboroa, ambako kila kitu kinashuka tena. Ile nyuzi 60 ya kanuni haisogei na barabara.

Pili, nikamwambia, maabara mbili tofauti zikipima kitu kimoja kwa mashine hii zinaruhusiwa kupishana kwa 0.071 ya thamani, kwa 61.5 ni nyuzi 4 na zaidi. Mnunuzi wako wa Mombasa akipeleka chupa kwingine akapata 58, hawezi kuitwa mwongo. Atakuita wewe mwongo. Na fomula yetu ya urekebishaji, kama nilivyosema, huku juu ina ukarimu kidogo.

Akanyamaza. Nikajua bado hajakubali, anatafuta mlango.

Tatu ndiyo iliyomgusa. Nikamuuliza watu wanaitumiaje. Akanieleza: wanapuliza kwenye godoro, kwenye fremu ya kitanda, kwenye nyufa za ukuta, usiku, kunguni wakitoka. Jikoni ni wapi? Chumba hichohicho, wengine. Jiko la mkaa? Ndiyo, au taa. Sasa, Mzee, flashi pointi ni habari ya kiowevu kilichotulia ndani ya kikombe. Ukikipuliza kikawa ukungu wa matone madogo, kinaweza kushika moto chini kabisa ya flashi pointi yake, kwa sababu tone dogo linapashwa na moto likawa mvuke papo hapo. Godoro lililolowa nalo ni utambi, kama utambi wa koroboi: mafuta ya taa kwenye sahani hayashiki kwa kiberiti kirahisi, kwenye utambi yanashika mara moja. Namba yoyote nitakayokuandikia, 56 au 61 au 65, haimlindi mama aliyepuliza godoro huku sufuria iko jikoni hatua tatu kutoka hapo.

Akatoa kofia, akaiweka magotini. "Basi weka picha ya moto," akasema. "Na hilo la jiko liandike kwa Kiswahili. Kubwa."

Alhamisi, wiki ya 3

Ripoti imeandikwa. Kikombe kilichofungwa, Pensky-Martens, mweko ulioonekana 56.5 kwa kilopaskali 81.6, uliorekebishwa 61.5. Namba zote mbili zimo, na kanieneo imo, ili atakayesoma asifikirie tumepika. Kwenye karatasi ya usalama tumependekeza ichukuliwe kama kiowevu kinachowaka, daraja la 3, kwa kuwa jibu liko karibu mno na mpaka. Lebo ya Kiswahili: usipulize karibu na jiko, taa ya mafuta au sigara, zima moto wote kwanza, fungua madirisha, usilalie godoro kabla halijakauka.

Barometa ya zebaki imerudi Njoro. Tumeagiza yetu ya kidijitali, na kijana ameandika karatasi ameibandika juu ya meza ya mashine: HAPANA SIMU.

Jumanne, wiki ya 4

Wenzetu wa maabara moja ya Kisumu walikuwa wanakuja na gari lao kuchukua vifaa, nikawapa chupa ya kwanza iliyobaki, imefungwa vizuri, wapime kwa mashine yao bila kuambiwa sisi tulipata nini. Niliandika makisio yangu kwenye bahasha nikaifunga: wataona 58, watarekebisha hadi 61 na kitu.

Wamepiga simu saa kumi. Barometa yao 88.6. Mweko ulioonekana 58.5. Marekebisho 3.2. Jibu 61.5 baada ya kupunguza hadi nusu digrii.

Kijana ndiye aliyefungua bahasha.